Kitanda Kilichokwenda na Mto

Jumanne, 29 Aprili

Hapana, Kache, machozi yalikuwa ya kweli. Jivu liliniingia machoni! Mke wangu haamini. Tangu turudi mkutanoni aniuliza tu: kilio chote kile kilikuwa cha nini, na ni kitanda gani hicho kilichosombwa na mto, maana anavyojua yeye, jana tulilala juu yake.

Basi niandike hapa. Kwa maneno simwezi.

Kaunti imeleta mpango wa tabianchi hadi kwetu Sabaki. Afisa wa mazingira, mama mmoja mchangamfu aitwaye Zipporah, katukusanya kwenye kiwanja cha chekechea. Kasema hawezi kukaa ofisini Malindi akatupangia mafuriko yetu, tuchore wenyewe. Tukachora chini, mchangani. Kamba ndiyo mto. Vifuu vya nazi ndizo nyumba. Jivu ni pale maji yanapofika. Palipo na jivu, kasema, ndipo mradi utakwenda. Pengine tuta la kuzuia maji.

Tuta! Masikio yakanisimama. Tuta ni vibarua. Vibarua ni njaa. Njaa ni chapati zangu! Kibanda changu cha chai kiko juu, kando ya barabara, na nyumba yangu nyuma yake. Hakijaonja maji tangu nikijenge. Lakini Zipporah atajuaje? Nikajitolea kumwaga jivu.

Bahati nzuri, wali ukapakuliwa. Watu wote wakaenda kwenye sufuria. Nikabaki na Zipporah. Nikavuta jivu mpaka kwenye kifuu changu, nikamweleza, machozi yakinitiririka, mafuriko yalivyobeba kitanda changu hadi baharini, na godoro juu. Yeye mwenyewe kafuta macho.

Shida ni kwamba jivu halikutosha. Nikachota kidogo upande wa Hawe Mbeyu, bibi kizee wa kule chini kwenye kona ya mto. Kidogo tu. Kwake maji huingia kila masika. Mtu aliyezoea ana haja gani na jivu?

Zipporah kapiga picha ramani yote kabla watu hawajarudi. Leo nalala tajiri.

Jumatano, 30 Aprili

Maafa! Zipporah kaja na rangi nyekundu. Kachora alama ya X kwenye ukuta wa kibanda changu, kubwa, kama ya nyumba ya kubomolewa. Nikamuuliza hiyo ni nini. Kasema ni nyumba ya kubomolewa.

Eti kwa ramani yetu, hapa ndipo pabaya kupita kote. Tuta halifai, maji yatalipita. Mtu asijenge. Patapandwa mianzi ishike udongo, nami nitahamishwa kwa usalama wangu. Nikamwambia mama, tone la maji halijafika hapa! Kaniangalia kwa huruma, kaniuliza: na kitanda?

Kitanda kile kitaniua.

Gachanja alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, upande wa pili wa barabara, akisikia yote. Huyu alitoka bara na friji moja ya soda, na tangu afike chai yangu imepoa. Kaniita kwa sauti barabara nzima isikie: "Bwana Nzai! Kitanda kishafika Somalia ama bado?"

Jioni Hawe Mbeyu kapanda na fimbo yake. Si nyanya yangu wa damu, lakini huku kila mtu ni mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo, naye kanikabidhi mkeka. Mpya! Kasema amesikia mto umenichukulia kitanda, na yeye uchungu huo aujua, masika iliyopita ulimchukulia mlango na mbuzi jike. Nisilale chini na mgongo wangu.

Halafu kauliza kama kifuu chake kilipata jivu. Nikamwambia, Hawe, jivu lilikuwa haba. Kasema si neno, serikali ina macho.

Chapati yangu nikaiacha sahanini. Kache kaila yake na yangu, huku ananitazama.

Ijumaa, 2 Mei

Mpango ulikuwa bado haujapitishwa! Leo watu wangepiga kura, mradi mmoja tu wa mwaka huu. Nyungo tatu zikapangwa chini: mianzi kwangu, taa za sola sokoni (za Gachanja hizo, zingewekwa mbele ya duka lake, ajabu eh?), na tuta la kona ya mto. Hili la tatu kalipendekeza Kache. Kasimama mbele ya watu, kasema kule chini kuna bibi analala na viatu miguuni ili maji yakija akimbie. Hakunitaja. Lakini alikuwa ananitazama tena.

Nami nikaliunga mkono kwa mikono miwili. Tuta likishinda, kibanda kimepona. Hawe naye amepona. Sioni dhambi hapo.

Kila mtu alitakiwa kupewa mbegu moja aiweke kwenye ungo anaoutaka. Zipporah kauliza nani ataleta mbegu. Mimi! Yeye alifikiria kunde. Lakini kunde mbichi itamfanya nani akupende? Nikaleta korosho. Za kukaanga. Bado za moto.

Nikagawa, huku namnong'oneza kila mtu: tuta, tuta. Kila mtu kasema tuta. Halafu tukaambiwa tungoje kwanza, mgeni wa heshima yuko njiani.

Wale wanaojua wageni wa heshima wanajua yaliyofuata. Mtu wa mbele katafuna kura yake. Wa pembeni kaona, katafuna. Mzee mmoja kaniomba kura nyingine, eti ya kwanza ilikuwa imeungua. Mgeni alipofika, ungo wa tuta ulikuwa na maganda. Wa mianzi haukuwa na kitu. Wa sola ulikuwa na korosho moja, ya Gachanja, ambaye jino lamuuma.

Kataka atangazwe mshindi pale pale. Kuku kapita, kaidonoa sola.

Zipporah kafunga mkutano. Kasema kura itarudiwa, na safari hii ni ya mawe.

Hawe Mbeyu peke yake hakula. Nilimwona anafunga yake kwenye pindo la leso. Nikamwambia ale tu, kura imevunjika. Kanijibu: "Hii si korosho, mjukuu wangu. Hii ni tuta."

Jumatano, 7 Mei

Leo hakuna wingu hata moja. Jua kali. Na mto umekuja! Mvua imenyesha bara huko, Sabaki ukashuka nayo, mwekundu, umejaa magogo. Mtu kapiga kelele kwamba maji yameingia kona.

Nilikimbia kabla sijafikiri. Ndiyo maana nilikimbia upande unaofaa.

Maji kiunoni. Hawe yuko juu ya meza, viatu miguuni, amekumbatia beberu. Nikamwambia panda mgongoni. Kasema beberu kwanza. Nikamwambia Hawe, nyumba inaondoka! Kasema basi harakisha na beberu. Nikambeba mnyama, kaninyea shingoni, nikarudi nikambeba bibi, kanilaumu kwamba natembea polepole. Ukuta wa nyuma ulianguka tukiwa bado tunauona.

Nikampandisha kwangu. Amelowa, anatetemeka, mzee wa watu. Nikamlaza wapi? Kitandani! Nikamfunika. Kache kawasha moto. Majirani wa chini wote wakaja na masufuria na watoto, maana kwangu ndiko kukavu.

Ndipo Zipporah kaingia na mabuti yake ya mpira. Katazama sakafu, kavu. Katazama kuta, kavu. Katazama kitanda, mbao nzito, miguu imeingia sakafuni kwa kukaa miaka. Kauliza polepole: ndicho kile?

Nikasema kimerudi.

Gachanja, aliyeleta mikate (siwezi kukana, alileta mikate mingi), kasema kweli, yeye alikiona kikivuka barabara. Watu wakacheka mpaka watoto waliokuwa wanalia wakacheka pia. Mimi sikupata pa kuweka uso. Nikaenda jikoni, nikachota jivu ukufi mzima, nikampelekea Zipporah. Nikamwambia hili ni la Hawe, lilikuwa limepotea njia.

Zipporah kalipokea. Kalimimina kwenye bahasha, kaitia mfukoni.

Hawe kafungua jicho moja pale kitandani. Kasema Mungu ni mwema, kitanda kimepatikana. Basi nimrudishie mkeka wake.

Jumapili, 11 Mei

Kura ilipigwa jana. Ramani ilichorwa upya, na hawakuniruhusu kusogea karibu na jivu. Watu wakaweka mawe. Hawe Mbeyu kafungua pindo la leso, kaweka korosho yake, imevimba kwa maji ya mto. Gachanja kasema haihesabiwi. Zipporah kaihesabu ya kwanza.

Tuta limeshinda! Litajengwa kona ya mto, na mianzi mbele yake. Nyumba ya Hawe itainuliwa. Mpaka hapo analala kwetu, kitandani. Mimi na Kache tunalala mkekani, maana alikubali kutuazima.

X yangu imefutwa. Kibanda kimeandikwa kwenye mpango kuwa mahali pa kukimbilia mafuriko yakija, chai bure. Bure! Nikajiliwaza: vibarua wa tuta wako njiani, hao watalipa. Kumbe chakula chao kimepewa kikundi cha kina mama. Mwenyekiti ni nani? Analala kitandani kwangu. Asubuhi hii kaniuliza kama namkodishia sufuria.

Lakini nimefikiri sana na nimeona kosa langu. Lilikuwa jivu. Jivu halikutosha! Mwezi ujao Zipporah anakwenda Marafa, huko watachora ramani ya ukame, jivu ndilo ukame, na palipo pakavu zaidi patachimbwa bwawa. Marafa hawanijui.

Sasa wewe unayesoma, kama una shamba huko, hata kama lina chemchemi, tuongee. Gunia la jivu nitaleta mimi, na machozi pia ni yangu. Wewe kazi yako ni moja tu: kabla afisa hajafika, ficha kitanda.