Hotuba ya Kuaga Msafara wa Mahakama Kongwe

Mheshimiwa Mlezi wa Jumuiya, ambaye pia ni mimi, Mwenyekiti wenu. Makamu wangu Bwana Zéphyrin. Wachungaji, mashehe na wazazi. Bibi harusi Généreuse na bwana harusi Onyancha. Wenyeji wa mtaa wetu huu wa Vickery Meadow na wageni wetu mliokesha njiani kutoka Sharpstown, Houston. Itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye haikumzingatia, asimame tumzingatie. (Watu saba wanasimama.)

Ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumuiya hii iasisiwe, msafara rasmi unaelekea Bellamy, mji mdogo ulio makao makuu ya kaunti, kutembelea jela ya zamani ya mawe, posta kongwe, na mahakama yenye mnara wa saa, jengo ambalo mimi binafsi nililikagua nikiwa kwenye gari, tena likienda kasi, na humo, mbele ya jaji, vijana wetu hawa wafunge ndoa leo hii! (Vigelegele. Mama Orpa, mzazi wa bibi harusi: “Prezida, juge iko anafunga bureau saa sita! Twende, bwana!”)

Ahsante, Mama Orpa, kwa mchango huo wa kisera. Wakati uongozi wangu una-launch mradi huu wa Heritage Tour, wenye wivu walisema hautawezekana. Tukawajibu kwa vitendo: tukaunda Kamati ya Usafiri, yenye mwenyekiti, makamu, katibu, mshauri na mlezi, ikakaa vikao na wadau wote, wali na kuku vikiwepo, na leo natamka kifua mbele kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane! (Oyee!) Asilimia mbili zilizobaki ni basi.

(Onyancha: “Chairman, unamaanisha hakuna bus?”)

Kijana, tuliza munkari. Katibu alimwachia makamu, makamu akamwachia mwenyekiti, mwenyekiti akamwachia mlezi, kwa sababu kukodi basi bila idhini ya mkubwa wako ni utovu wa nidhamu. Hiyo ndiyo good governance! (Mwanajumuiya mmoja, Samson, anafungua gari lake la kusambazia mikate. Bibi harusi anapandishwa nyuma, shela mkononi. Magari mengine yanawashwa.)

Naona wananchi wameanza ku-implement wenyewe. Kusema kweli nimefurahi, maana binti huyu asingeolewa leo, mama yake angenimeza mzima.

Umoja! (Mbele!) Majengo kongwe! (Mbio!) Namshukuru dereva wa basi, ambaye hatukumtafuta, namshukuru meya wa Bellamy, ambaye hana habari kama tunakuja, nami nautangaza msafara huu, ambao haukuandaliwa na mtu yeyote, kuwa umefunguliwa rasmi. (Honi. Magari yanaondoka.)

Jamani! Mwenyekiti anapanda lipi?

(Mama Orpa, akichungulia katikati ya trei za mikate: “Ingia, Prezida. Lakini ukisema hata neno moja, tunakushusha njiani, pale Mesquite.”)