Kiputo cha Akeyo

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kakuma.
Nimempigia mke wangu Awino. Wazima, wanalima, wanangoja mvua. Nikamwomba anipe binti yetu niongee naye. Nikamsikia Akeyo kwa mbali akisema hamjui huyo mtu. Huyo mtu! Mimi niliyemfundisha kupuliza povu kwa bua la mpapai, mamake akifua mtoni! Nimekoroga saruji huku mpaka sauti yangu imekuwa ya mgeni.
Lakini nina mpango. Akeyo aliniuliza kila mara kiputo huwa na rangi gani kabla ya kupasuka. Sikujua. Nitainasa kwa simu nimtumie. Atakuja mbio!
Josiah, msimamizi wetu, ametangaza: ukuta wa mwisho ukishika plasta, Ijumaa tunapanda lori. Lodwar, Kitale, nyumbani.

Jumanne, 4 Machi.
Upepo wa huku hauna adabu. Nimepinda waya ya kufungia chuma ikawa duara, nikachovya kwenye maji ya sabuni. Pa! Tena. Pa! Povu linakauka kabla sijabonyeza simu. Fundi Lopeyok, mwenyeji wa hapa, akanisalimia kwa lugha yao: ejok, mwalimu wa povu. Akauliza kama kwetu wanaume wote hucheza hivi au ni mimi tu. Nikasema ni utafiti. Akacheka mpaka mwiko ukamdondoka.

Jumatano, 5 Machi.
Mama wa chai kasema wanawe hutia sukari, povu linakuwa gumu. Nimetia nusu kilo kwenye ndoo. Nikajifungia chumbani, nikatundika kwa nyuma nailoni nyeusi ile ya kutandika kwenye msingi. Ee Mungu! Utando ukasimama! Waridi na kijani zikateremka mistari mistari kama leso ya Awino, ikaja dhahabu, ikaja nyeupe ya maziwa. Kisha juu kabisa pakawa peusi, kama shimo. Ndiyo ya mwisho: nyeusi! Pa. Nimenasa yote. Wenzangu wanakula, mimi natazama.
Ndoo nimeificha pembeni, kando ya ndoo za maji ya plasta. Nani ataijua?

Alhamisi, 6 Machi.
Nimemtumia Awino video. Mtandao unazunguka tu. Lopeyok anasifu plasta ya leo, eti ni laini kama uji. Ndoo yangu siioni.

Ijumaa, 7 Machi.
Ukuta unabonyea kwa kidole. Josiah akachovya, akaonja. Akaonja ukuta! Akafoka kwamba kila fundi anajua sukari haiachi saruji ishike. Mimi si fundi, ni mtu wa mkono! Nzi wote wa Kakuma wako pale. Lopeyok akanigeukia, akasema ukuta wa Ochola, yaani mimi, umekosa majani ya chai tu.
Lori limeondoka na wenzangu. Nimebakizwa kubandua yote na kumsaidia Lopeyok kupiga upya. Nilitazama vumbi lake mpaka likaisha.

Jumapili, 9 Machi.
Simu imelia. Akeyo mwenyewe! Kaniita baba! Jana alitazama video mpaka simu ya mamake ikaisha chaji. Akauliza kwa nini kinakuwa cheusi. Nikasema kinakuwa chembamba mno, rangi zinakosa pa kukaa. Akauliza narudi lini. Nikasema ukuta ukishika. Akasema basi nimtumie kingine, kikubwa, cha mtu kuingia ndani.
Kesho tunaanza plasta. Nimenunua sukari, kilo nzima sasa. Na ndoo safari hii nimeificha kwa akili: si pembeni, katikati kabisa ya ndoo za maji ya plasta.