Mshipi Usiotaka Kunyooka

Jumatatu, 9 Januari
Mshipi mpya wa kuvulia samaki, mita mia tatu. Nimeuvingirisha kwenye rili ya fimbo yangu mwenyewe. Jirani yangu Tregilgas alichungulia juu ya ua, akasema nikilaze kibonge cha mshipi chini, na ukianza kujisokota nikigeuze. Nani kamuuliza? Sikukigeuza. Kufika gatini, kila nikirusha, mshipi unafumuka kama tambi. Nusu saa natafuta ncha! Mke wangu Beryl akasema waya wa rili, ule unaoukamata mshipi baada ya kurusha, niufunge kwa mkono, si kwa hendeli. Na samaki akivuta, breki ya rili ikilia, niache kuzungusha kabisa, maana kila mzunguko unausokota mshipi. Nimemwambia rili ni mashine. Imewekewa hendeli. Hendeli huzungushwa! Akacheka. Mbele ya Tregilgas.

Jumatano, 11 Januari
Beryl anasema eti dawa ni kuuburuta mshipi mtupu nyuma ya boti, maji yaunyooshe. Mwenye boti ni Tregilgas. Afadhali nivulie kamba za viatu! Nina mpango: kuuburuta nyasini. Uwanja wa wazee wa kuviringisha matufe ni laini kama zulia. Beryl akasema niondoe kwanza chambo cha bati. Nimekiacha, kiupe uzito. Nikakimbia na fimbo, ndoana zake tatu nyuma yangu zikilima mfereji ukingo hadi ukingo. Wazee sita waliovaa nyeupe wakasimama na matufe mikononi. Mwenyekiti kaniita mhuni. Mimi! Nimepigwa marufuku hadi Pasaka.

Ijumaa, 13 Januari
Kesho mashindano ya wawili wawili. Beryl anavua na Tregilgas!! Miaka thelathini na mmoja ya ndoa! Nikadai sababu. "Mervyn, mpenzi, mwaka jana nilikaa siku nzima nafumua mafundo yako. Mwaka huu nataka kuvua." Ukatili mtupu. Nimemwandikisha Glenys, mke wa Tregilgas. Hapendi samaki. Anakuja na kiti na kitabu. Safi: hatanifundisha.

Jumamosi, 14 Januari
Nilinasa samaki mkubwa kama mto wa kitanda! Breki inalia, nazungusha, watu wanajaa. Glenys, macho kitabuni: "We Mervyn, unazungusha bure. Mshipi hauingii." Mtu asiyevua! Nikaongeza kasi. Dakika kumi. Samaki akaja juu, tukatazamana. Mshipi ukalegea kidogo, ukajikunja fundo, ukakatika. Gati zima: "Aaa!" Kombe wamechukua Beryl na Tregilgas. Wakakumbatiana. Muda mrefu mno. Nimerudi kwa miguu. Sikula.

Jumapili, 15 Januari
Beryl aliondoka asubuhi bila kuniamsha. Karudi mchana, kalowa, pua imeungua jua. Kumbe ameuburuta mshipi wangu wote uliobaki nyuma ya boti ya Tregilgas. Umenyooka kama rula! Akaweka fimbo mezani, na pai ya nyama kando yake. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona kwanza niujaribu gatini. Nikarusha: vizuri sana. Nikafunga waya kwa hendeli, kiume. Ndoana ikanasa mwamba. Breki ikalia, nikazungusha robo saa. Mshipi wote umejisokota!

Kosa nimeligundua. Tregilgas aliendesha boti kuelekea upande usiofaa. Beryl amechoka, simwambii. Kesho namwandikia Tregilgas barua, kali lakini ya kistaarabu, nimweleze rili huzungushwaje.