Kreni ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Jitu langu la Kijapani, roboti la kuchezea linaloundwa kwa magari matano, bado halina mkono wa kulia. Magari manne ninayo: lori la zimamoto, treni, ndege, tingatinga. Yanageuka, yanaungana, shujaa wa kofia nyekundu anakaa kifuani. Imebaki kreni tu, ndiyo mkono wenyewe. Mke wangu ametoa muda: likikamilika kufikia Jumapili, litakaa kabatini sebuleni. Lisipokamilika, katoni, chini ya kitanda. Miaka mitatu amevumilia, anasema. Kweli.

Ninalo boksi moja halijafunguliwa. Ndani linaweza kuwa na gari lolote kati ya hayo matano. Leo Fundi Saa, mwenye kibanda mkabala na posta yetu, kasema anayo kreni, nzima, na yuko tayari kubadilishana na boksi langu. Yaani atoe anachokijua achukue asichokijua? Kuna namna hapa. Nimemwambia nitafikiria.

Jumanne, 4 Juni
Nimelipima boksi kwenye mzani wa vifurushi kazini. Gramu mia tatu na kumi. Nikalilaza, nikalisimamisha. Zile zile! Mama mmoja kwenye foleni aliuliza kama kifurushi hicho kinakwenda mbali. Nikasema bado hatujaelewana nacho. Bosi alinikata jicho.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji, mdogo wa mke wangu, ni daktari wa mifugo na ana mashine ya eksirei. Nimembembeleza mpaka akachoka. Nilipanga foleni nyuma ya mbwa aliyemeza kijiko. Karani wa mapokezi akataka jina la mgonjwa na jinsia. Nikasema hayo ndiyo tunayokuja kuyatafuta. Picha ikatoka: plastiki haionekani vizuri, skrubu zinaonekana. Saba! Shemeji alisema angalau mgonjwa hana mimba.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeyafungua magari yangu yote nihesabu skrubu. Hakuna lenye zaidi ya sita. Kwa hiyo lenye saba ni kreni. Akili ninazo, sema watu hawajui. Nilipoyafunga tena, skrubu tatu zilibaki mezani, na treni haigeuki. Si kitu.

Nimemwambia Fundi Saa sibadilishi. Nikamwuliza alijuaje kilichomo. Akasema hajui, ndiyo maana analitaka. Eti ana maboksi kumi na tisa na hajawahi kufungua hata moja. Kreni aliipata boksi likiwa limeshachanika, ikamtoka moyoni. Uongo mtupu. Nani anapenda kutojua?

Jumamosi, 8 Juni
Nimefungua. Tingatinga. Skrubu tano mwilini, mbili za akiba kwenye kipakiti. Imeniuma, sifichi. Mke wangu alileta katoni akaiweka mlangoni.

Jumapili, 9 Juni
Fundi Saa amesikia habari zangu kwa shemeji. Kaniita kwake asubuhi, kaweka kreni mezani. Akasema chukua, ndugu yangu, bure, na treni yako nitaitengeneza. Nilikaribia kulia. Nikaishika, nikaujaribu mkono wake: unapanda, unashuka.

Ndipo nikaiona rafu yake. Maboksi kumi na tisa. Moja limebetuka kidogo ubavuni. Kwa nini limebetuka? Nikamwuliza kama naweza kulichukua hilo badala ya kreni. Akanitazama sana, akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Ninalo mapajani. Mke wangu anauliza kreni iko wapi. Nimemwomba anyamaze kidogo, nalitikisa.