Waombaji Kazi Walivyotuharibia Mahojiano ya Boti ya Wagonjwa

Mwalimu Husein Bwanamkuu (mstaafu),
Mwenyekiti wa Jopo la Mahojiano,
Faza, Kisiwa cha Pate.

Alhamisi, asubuhi.

Kwa Bi Huwaida,
Mratibu wa Kamati ya Boti ya Wagonjwa,
Lamu.

Bi Huwaida mheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: UTOVU WA ADABU WA WAOMBAJI KAZI SIKU YA JUMATATU

Nakuandikia wewe uliye Mratibu, si Huwaida niliyemsomesha darasa la sita, kwa hivyo naomba uisome barua hii kama afisa na usicheke kama ulivyokuwa ukicheka nyuma ya daftari.

Kama ujuavyo, boti yetu tulikabidhiwa miezi mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo imekaa gatini imefunikwa turubai, na utepe wa sherehe bado umefungwa mbele yake, kwa kuwa kanuni ya nne yasema haiguswi na mtu asiye nahodha, na mtu hawi nahodha mpaka ahojiwe. Wagonjwa wamevumilia. Wamekwenda Lamu kwa boti za abiria, wamekaa juu ya magunia, na hakuna hata mmoja aliyetuvunjia kanuni. Nayasema haya upate kuona kwamba wagonjwa wa Faza wana adabu. Wasio na adabu ni waombaji kazi.

Mahojiano yalifanyika katika chumba kilicho karibu na gati. Jopo lilikuwa mimi na Bwana Mahir, katibu wetu. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Ufunguo wa boti tuliuweka katikati, juu ya kisahani, ili mwombaji akiingia auone na aingiwe na heshima. Maswali yalikuwa kumi na mawili. Bwana Mahir aliyatoa mtandaoni, kwenye ukurasa wa benki moja ya ng'ambo, na kila palipoandikwa "benki" akaandika "boti". Baada ya maandalizi hayo yote yalitufika haya yafuatayo, nami nayatia nambari ili hasira isinipotezee njia.

1. Mwombaji wa kwanza alikuwa Zaki, fundi wa mashine za boti. Aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Akajibu, "Inshallah, hai." Bwana Mahir akamweleza kwamba jibu hilo halimo kwenye karatasi ya alama. Zaki akasema, "Basi andika marehemu, bora tuendelee." Aliulizwa pia angemshawishi vipi mteja afungue akaunti katika boti yetu. Akatuuliza, kwa sauti ya huruma, kama tumekula. Na alipopewa nafasi ya kuuliza swali, aliuliza mashine iliwashwa lini mara ya mwisho. Tukamwambia haijawashwa kamwe, ni mpya. Akatoka bila ya kuaga. Tukamwona dirishani amefunua turubai, amefungua kifuniko cha mashine, amezama mpaka mabegani. Alirudi na kiota cha ndege chenye mayai mawili, akakiweka juu ya kitambaa cheupe, akasema, "Sasa itawaka." Alama za vidole vyake vyenye grisi utaziona kwenye faili. Ndege naye ametua dirishani tangu siku hiyo, anatutazama sisi.

2. Mwombaji wa pili, Wazir, alikuja na mamake. Nilimweleza mama kwa heshima zote kwamba mahojiano ni ya mtu mmoja mmoja. Akasema hilo ni jambo la busara, akamwambia Wazir angoje nje. Mtu mzima hatolewi chumbani, Bi Huwaida, wewe wajua. Ikabidi tumhoji yeye. Swali la kutaja udhaifu wako mkubwa alilijibu kwa robo saa, kwa mifano, akianzia siku Wazir alipoachishwa ziwa. Alipata alama arobaini na moja kwa hamsini. Katika maisha yangu sijaona mwombaji aliyejiandaa vile. Taabu ni kwamba hakuomba kazi, na Wazir aliyeiomba, kwa maelezo ya mamake mwenyewe, hutapika akiona maji.

3. Hapa naomba ukae vizuri. Mwombaji wa tatu ni Bi Sumeiya, binti wa kijiji cha Matondoni aliyeolewa hapa Faza. Amekulia katika boti ya babake, na siku hizi huvusha abiria kwa boti ya mumewe. Aliingia na pindo la buibui limerowa maji. Kabla sijamaliza kumkaribisha, aliutazama ufunguo akauliza, "Petroli imo?" Desturi ya mahojiano, nchi zote, ni kwamba swali la kwanza huulizwa na jopo.

4. Tulipokuwa katika swali la saba, muuguzi wetu Nusra aliingia bila ya kubisha hodi. Alisema Tima, mke wa muuza samaki, yuko nje juu ya machela, ana uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa mshazari, na asipofika Lamu kupasuliwa tutawapoteza wote wawili. Bwana Mahir akamjibu kwa upole kwamba yamebaki maswali sita tu, na kwamba wasiohusika na mahojiano wangojee kwenye benchi. Sumeiya akasimama. Akanyanyua ufunguo kutoka kwenye kisahani kama mtu achukuaye kashata.

Bwana Mahir akapiga kelele, "Wewe hujaajiriwa!"

Akamjibu, "Na Tima hajafa. Twendeni."

Kisha akanigeukia mimi, mwenyekiti, mtu wa miaka sitini na minane, akaniambia, "Mwalimu, shika machela huku miguuni." Sikuwa na nia ya kushika. Nashangaa mpaka leo jinsi mikono yangu ilivyotangulia. Niliingia majini na viatu vya ngozi, na utepe wa sherehe, ambao ulikuwa ukatwe na mgeni rasmi, Sumeiya aliukata kwa meno.

5. Niliona kwamba, maadamu mahojiano hayajafungwa, sheria yanitaka niyaendeleze. Karatasi ya maswali ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Kwa mkono mmoja nilishika chupa ya dripu juu, kama nilivyoamrishwa na Nusra, na kwa mkono wa pili nikaandika. Majibu ya mwombaji ni haya, neno kwa neno, na utaona mwenyewe kama yanafaa.

Swali la nane, taja udhaifu wako mkubwa: "Abiria wanaozungumza."

Swali la tisa, unafanyaje kazi unapokuwa na shinikizo: mdomo ulikuwa na kazi. Alikuwa ameuma mpira wa petroli kwa meno, akibadilisha tangi huku boti inakwenda.

Swali la kumi, eleza ulivyosuluhisha mgogoro na mwenzako kazini: "Mwalimu, kaa chini au nakutia majini."

Swali la kumi na moja, falsafa yako ya uongozi ni ipi: "Inama!" Tulikuwa tumeingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na tawi la mkoko lilikuwa usawa wa uso wangu. Sikuinama kwa wakati. Kofia yangu, iliyoshonwa kwa mkono miezi minne, imebaki kule mikokoni.

Ndani ya Mkanda maji yalikuwa yanatoka, bahari inakupwa. Sumeiya aliinua mashine, akaruka majini, akazama mpaka kiunoni, akaniita, "Ndoo huku, Mwalimu, usukume, mai yatukimbia." Mwenyekiti wa jopo akaruka. Mwenyekiti wa jopo akasukuma boti juu ya fungu la mchanga, na kanzu yake ikielea nyuma yake. Sijapata kusoma popote kwamba anayehoji husukuma.

Tulipopanda tena, Tima alinishika kifundo cha mkono. Nilimsomesha mimi, alikuwa mzuri wa hesabu. Aliniuliza, "Mwalimu, nitakufa?" Bi Huwaida, swali hilo halikuwamo katika yale kumi na mawili. Nilitafuta kwenye karatasi. Nikamjibu hapana, bila ya idhini ya jopo, wala ya mtu yeyote mwenye ujuzi. Sumeiya alimsikia, akageuka akamwambia, "Tima, nitazame mimi. Usitazame mai. Nihesabie mikoko, na ukikosea waanza upya." Tima akahesabu. Alifika mia mbili na kumi, akakosea, akaanza upya, na Nusra akawa anamfuta uso, na mimi nikiwa nimeshika chupa juu mpaka bega likafa ganzi, na hakuna aliyezungumza tena habari ya mahojiano. Hata mimi.

6. Tulifika gati ya Lamu, wakamkimbiza hospitalini, wakampasua. Sisi tukangoja nje ya mlango. Ilipita saa nzima na kitu. Kisha tukasikia mtoto analia, mtoto wa kike, na muuguzi mmoja akatoka kutuambia kwamba mama naye yu salama. Watu waliokuwepo watakwambia kwamba mwenyekiti wa jopo alionekana akijifuta macho. Ni chumvi ya bahari. Nilipogeuka nimuulize Bi Sumeiya swali la kumi na mbili, ambalo ni la mwisho, nilimkuta amelala kwenye benchi, ameketi wima, ufunguo umo ndani ya ngumi yake. Ndio kusema mwombaji alisinzia mbele ya jopo, na mahojiano yake hayakukamilika. Alama hamsini hazipatikani kwa maswali kumi na moja. Hesabu haikubali.

7. Tuliporudi Faza tulimkuta Bwana Mahir bado amekaa mezani. Hakuwa ameondoka, kwa sababu hakuna aliyeufunga mkutano. Katika kitabu cha kumbukumbu alikuwa ameandika, mbele ya jina la boti, neno moja: "Imeibwa." Alikuwa na nia ya kupiga ripoti polisi asubuhi yake, na kisheria sikuweza kumpinga. Ufunguo ulichukuliwa na mtu asiye na barua ya ajira. Mashahidi ni mimi, yeye na ndege.

Bi Huwaida, nimeyapima mambo haya siku tatu. Naona dawa ndogo ndogo hazitatosha. Naomba kwanza Bi Sumeiya achukuliwe hatua, iwe funzo kwa wengine wenye tabia ya kuanza kazi kabla ya kupewa. Pili, tarehe za mahojiano zibandikwe zahanatini, ili wagonjwa wajue siku za kuugua na wajawazito wajipange. Watoto walio tumboni nao wafikishiwe habari kupitia kwa mama zao, kwani huyu wa Tima aliingilia shughuli rasmi kabla hata ya kuwa raia.

Lakini nikaendelea kufikiri, nikagundua kwamba yote hayo ni matawi, na shina ni moja. Kabla ya saa tatu asubuhi ya Jumatatu chumba chetu kilikuwa kimya, kitambaa kilikuwa cheupe, ufunguo ulikuwa kwenye kisahani, utepe ulikuwa mzima. Kila kilichoharibika kiliharibika baada ya mwombaji kuingia. Kwa hivyo napendekeza, kwa moyo mkunjufu, kwamba mahojiano yajayo yafanyike bila ya waombaji. Jopo litajiuliza maswali, litajijibu kwa kadiri ya karatasi ya alama, na litafunga mkutano kwa dua. Na kwa kuwa boti isiyo na nahodha haina haja ya kwenda popote, irudishiwe turubai lake, na utepe mpya, na tuitunze hivyo mpaka apatikane mtu anayestahili kuigusa. Ikichukua miaka, na iwe miaka. Kitu kizuri hakiharakishwi.

Nakutakia afya njema na kazi njema. Nisalimie mamako, mwambie halua yake ilifika na ilikuwa na iliki ya kutosha safari hii. Wasalimie walimu wenzangu wote mkutanapo sokoni, na kila mtu wa ofisini, hata yule wa mapokezi anayenifanya niseme jina langu mara tatu. Wa hapa wote wazima, alhamdulillahi, nao wanawasalimu.

Mimi mwenye malalamiko,

Mwalimu Husein Bwanamkuu

Nyongeza: Ndani ya bahasha utaikuta barua ya kumwajiri Bi Sumeiya, kwa mwandiko wangu. Tarehe niliyoitia ni ya Jumapili, siku moja kabla ya mahojiano. Kwa hivyo alipochukua ufunguo alikuwa nahodha halali, na mtu haibi boti aliyoajiriwa kuiendesha. Bwana Mahir ametia saini pia. Alikataa kutwa nzima, mpaka mkewe, aliye na mimba ya miezi minane, alipomuuliza yeye ataketi juu ya gunia lipi. Nimesomesha miaka thelathini na minne nikiwakataza watoto uwongo. Huu ni wa kwanza kuuandika. Mtu akikuuliza kwa nini tulimhoji nahodha aliyekwisha kuajiriwa, mwambie siku ile tuliohojiwa ni sisi.

Yote niliyoandika huko juu nilishayaandika kabla ya kupata akili, na karatasi ni ghali kuitupa. Piga muhuri kwenye barua ya ajira mara moja, umpe mkononi. Aliyekuletea bahasha hii ndiye yeye, amesimama hapo mlangoni. Usimkaribishe chai. Ana abiria wawili wa kuwarudisha Faza, mmoja wao ana siku nne, na maji yanaanza kutoka saa saba.