Gari Jeupe la Anko Sathia

Jumatatu, 3 Juni
Anko Sathia, baba yake mpenzi wangu Thilosha, anatafuta gari. Anataka la kistaarabu, mkewe, Anti, aendeshe kwenda hekaluni na kurudi. Langu jeupe lipo! Tatizo dogo: kompyuta ya injini niliichezea ili gari liongeze nguvu. Linaruka kama limechomwa sindano. Si kitu.

Jumanne, 4 Juni
Binamu yangu Preggie amerudisha programu ya kiwandani na kufuta kumbukumbu zote. Kazi safi! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo ya kusema halijawahi kuchezewa. Nikajiamini mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Anko kaja na Kershan, yule wa gereji anayemtolea macho Thilosha. Kershan kachomeka kifaa chake chini ya usukani, kasoma, katabasamu kama paka aliyefungiwa jikoni.

“Anko, halina kosa hata moja. Hapo ndipo penye mashaka. Gari la umri huu, kumbukumbu nyeupe pe? Hata halijamaliza kujipima lenyewe. Kumbukumbu zimefutwa juzijuzi.”

Nikasema nilibadilisha betri, ndiyo maana kumbukumbu zimepotea. Anko akafungua boneti. Betri imeota kutu kama ndevu.

Kershan akaendelea, mshenzi yule. Skrubu za sanduku la kompyuta zimechubuka. Na kompyuta yenyewe inahesabu: programu imeandikwa upya mara mbili tangu itoke kiwandani. Kumbe kuirudisha nako kunahesabiwa! Preggie hakunambia.

Anko hakufoka. Aliuliza taratibu, “Wewe kijana, ungemwacha Anti yako aendeshe hili?”

Nikajibu kwamba Anti huendesha polepole.

Jibu baya. Baya mno.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepeleka biriani kuomba radhi. Biriani imepokelewa. Mimi nimebaki getini. Thilosha akatoka kuniambia kuwa uongo wangu wa kila siku ameuzoea, ila kumweka mama yake ndani ya kitu kile, hapana. Akarudi ndani bila kugeuka. Nililia kidogo. Ni vumbi tu la mtaa wetu huu wa Chatsworth.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepata gari jingine! Jeusi, la bwana mmoja kule mtaa wa Phoenix. Ukiachia pedeli ya mafuta, ekzosi inapiga mabomu. Mbwa wa mtaa mzima wamekimbia. Sanduku la kompyuta lina gundi mbichi. Nikamuuliza bwana kama limechezewa. Akasema hapana, gari lina furaha tu. Uso mnyofu kabisa!

Nimelichukua. Anti atalipenda.