Ombi la Kumlinganisha Aliyechimba Kisima na Aliyeng'oa Pampu

Mheshimiwa Mhariri,

Pokea heshima za wanakijiji wa Kamphande. Jumamosi tunamchagua diwani kati ya wawili waliowahi kukikalia kiti hicho: Bambo (yaani Bwana) Mtelera, aliyetuchimbia kisima, na Bambo Chimkango, aliyeng'oa pampu yake akaifunga shambani kwake. Gazeti lako limeamua kwamba "wote wawili wana rekodi yenye utata kuhusu maji." Uamuzi tumeupokea. Malalamiko yetu ni kwamba hukuutekeleza kikamilifu.

1. Kosa la Bambo Mtelera, yaani kuhutubia kwa saa tatu siku ya uzinduzi huku akina mama wamesimama juani, umelipatia mistari minne. Pampu umeipatia sita. Huo ni upendeleo.

2. Uliandika "aling'oa". Kwa Kichewa chetu mtu mzima hutajwa kwa wingi, hata akiwa peke yake na spana mkononi. Ungeandika "waling'oa", adabu ingetimia, na msomaji angedhani walikwenda wote wawili. Heshima na usawa kwa neno moja, nawe ukaliacha!

3. Mai (yaani Mama) Nasibeko, ambaye sasa anachota maji mtoni, alisimama mkutanoni akasema: "Mmoja kanichosha masikio, mwingine kaninyima maji, halafu mnaniambia ni mapacha? Mama yao nani, bambo?" Watu walicheka mno. Tafadhali mkanye kupitia safu yako. Mtoto wake anahara wiki ya pili sasa, hivyo hawezi kuwa mtu wa kati.

4. Ili kazi yako iwe nyepesi, tunapendekeza Bambo Mtelera naye ang'oe pampu moja kabla ya Jumamosi. Kijiji jirani bado wanayo. Hapo wagombea watalingana kweli, nawe hutalazimika kuwalinganisha kwa kalamu.

Wasalimie wapiga chapa, wasahihishaji na yule anayekuchorea vibonzo.

Nabaki katikati, bila kuegemea popote,

Lefani Kanyimbo
Katibu, Kamati ya Kisima, Kamphande

Nyongeza: Ilinipasa kukiri mapema kwamba Mai Nasibeko ni mke wangu, na mtoto ni wetu. Asubuhi hii amelazwa zahanati. Mganga anasema atapona, mradi apate maji safi. Kwa hiyo usichapishe lolote kati ya haya. Jumamosi nampigia kura Bambo Mtelera. Ahutubie hata siku nzima.